Bangili ya Kupima Usingizi Baada ya Miezi Mitatu Mkononi

Usiku wa 11 tangu nianze kuivaa bangili hii nilipanda kitandani saa nne na nusu, nikalala chali, nikafumba macho na kuanza kubishana kimoyomoyo na mtu aliyekuwa ameniudhi mchana ule. Sikupata hata lepe la usingizi mpaka saa nane ilipopita. Asubuhi, programu ya simu inayokwenda na bangili hiyo ilinipongeza: ilisema nimelala saa sita na dakika 50, ikanipa alama 84 kati ya 100, na katika mchoro wake ikapaka rangi ya usingizi mzito sehemu ndefu iliyoangukia kati ya saa tano na saa saba, yaani muda uleule ambao ubishi wangu ulikuwa umepamba moto.

Sitaitaja bangili yenyewe kwa jina, kwa sababu niliyoyaona yanahusu karibu vifaa vyote vya aina hii, viwe vya kuvaa mkononi au pete za kidoleni, na kwa sababu haikuwa mbovu. Ilifanya kazi iliyoundwa kuifanya. Ninacholalamikia ni ahadi iliyoandikwa juu ya kisanduku chake, kwamba itanionyesha usingizi wangu hatua kwa hatua, usiku kucha.

Ndani ya bangili mna kihisi cha mwendo kinachojua mkono unapotikisika, mna vitaa vya kijani vinavyomulika ngozi ili mapigo ya moyo yasomwe kutokana na mwanga unaofyonzwa na damu, na mna kipimajoto kidogo. Hakuna chochote kinachogusa ubongo. Lakini hatua za usingizi tunazozisoma katika michoro ya simu ziligunduliwa na kupewa maana kwa kusoma ubongo. Hans Berger, daktari Mjerumani, alinasa mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kuyachapisha mwaka 1929. Miaka michache baadaye Alfred Loomis na wenzake wakaonyesha kwamba mawimbi hayo hubadilika kwa mpangilio mtu anapozama usingizini. Hata leo, mtu anayepimwa usingizi hospitalini hubandikwa waya kichwani, kandokando ya macho na kidevuni, kisha usiku wake hukatwakatwa vipande vya sekunde 30 na kila kipande hupewa jina la hatua yake. Bangili hukisia majina hayo kwa kuangalia mkono na moyo tu.

Kabla ya kuilaumu nilijiuliza swali ambalo kila mtu aliyewahi kukesha angepaswa kujiuliza: je, nina hakika gani kwamba sikulala? Shahidi wa usingizi wangu ni mimi, na shahidi huyo hutoweka papo hapo tukio linapoanza. Hakuna mtu aliyewahi kuishuhudia nukta aliyolala. Watu wanaoamshwa katika usingizi mwepesi maabara mara nyingi husisitiza kwamba walikuwa macho, ilhali mawimbi ya ubongo wao yanasema vingine, na wapo wagonjwa wanaoamini kwamba hawalali kabisa ingawa vipimo vinaonyesha wamelala saa nyingi. Kwa hiyo huenda bangili ilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyejidanganya.

Nikaamua kuijaribu. Jioni tatu tofauti nililala kitandani kwa saa moja bila kusogea, nikisikiliza mhadhara uliorekodiwa, na mara tu ulipokwisha niliandika muhtasari wa yote niliyoyasikia tangu mwanzo hadi mwisho. Mihtasari yote mitatu ilikamilika bila pengo. Jioni mbili kati ya hizo bangili iliandika kwamba nilikuwa nimelala kwa zaidi ya nusu ya mhadhara. Kasoro hii inajulikana vizuri kwa watafiti wanaolinganisha vifaa vya mkononi na vipimo vya waya: vifaa hivi huutambua usingizi halisi vyema, ila huona taabu kuutambua ukeshaji wa mtu aliyetulia. Mtu asiye na shida ya usingizi hataiona kasoro hiyo, kwa kuwa huanguka kitandani na kulala fofofo. Anayegaagaa hata yeye ana nafuu, maana mkono unatikisika. Anayeumia ni yule anayekesha kimya, naye ndiye hasa mwenye sababu ya kununua kifaa kama hiki.

Mambo huwa magumu zaidi katika usingizi wa ndoto. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba kuna vipindi vya usiku ambapo macho ya mtu aliyelala huenda mbio chini ya kope, na kwamba waliowaamsha wakati huo walisimulia ndoto kwa wingi. Baadaye Michel Jouvet, akifanya kazi Lyon, aliuita usingizi wa kitendawili, kwa sababu ubongo huchangamka karibu kama wa mtu aliye macho huku misuli ikiwa imelegezwa kabisa. Ndiyo maana maabara hubandika waya kidevuni. Fikiria hali hiyo inavyoonekana kutoka mkononi: mwili umetulia tuli, moyo unabadilika mwendo bila utaratibu. Mtu anayekesha akiwaza madeni yake hufanana na hivyo kwa kiasi kikubwa. Pale bangili inapotofautisha wawili hao kwa usahihi, ninaisifu kwa dhati, kwani imekisia vema jambo gumu.

Hata hivyo programu haisemi kwamba inakisia. Kila asubuhi iliniandikia kwamba nimeota kwa saa moja na dakika kadhaa, kana kwamba imechungulia. Watu huota pia nje ya usingizi wa macho kwenda mbio, na huo wenyewe unaweza kupita bila mtu kukumbuka chochote. Kuna hata wanaojua kwamba wanaota wakati ndoto ikiendelea: mwaka 1975 Keith Hearne, huko Hull nchini Uingereza, alinasa ishara za macho zilizopangwa mapema kutoka kwa mtu aliyekuwa ndotoni, na baadaye kidogo Stephen LaBerge akafanya vivyo hivyo Chuo Kikuu cha Stanford. Mtu huyo amelala kwa kila kipimo, na bado fahamu zake zinatosha kutuma salamu. Kinyume chake ni mtu aliye kwenye nusukaputi, ambaye mwili wake umetulia kuliko wa yeyote ingawa hajalala usingizi wa kawaida. Kwa hiyo kutulia, kulala na kupotewa na fahamu ni mambo matatu, wakati mchoro wa simu unayachukulia kama jambo moja lenye rangi nne. Kiswahili kimeona mengi kuliko programu hii. Tunao usingizi wa pono, tuna kuweweseka, tuna jinamizi linalomkaba mtu akiwa ameamka nusu na viungo vyake bado vimefungwa, na tuna mang'amung'amu, hali ile ambayo mtu husikia mlango ukifunguliwa lakini hawezi kusema kesho yake kama alisikia au aliota. Nimeutafuta usingizi wa mang'amung'amu katika miezi mitatu ya michoro. Haumo.

Kuhusu ile alama ya asubuhi nitakuwa mkali zaidi. Hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa na wanasayansi kinachoweza kuujumlisha usiku mzima katika namba moja, na kanuni inayotumiwa na mtengenezaji huyu ni siri yake. Katika wiki ya tano niliamka nikiwa mwepesi na mwenye furaha, nikafungua simu, nikakuta 61, na kabla sijamaliza kupiga mswaki nilikuwa nimekwisha kujihisi mchovu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwaeleza wagonjwa waliozidiwa na hamu ya kuufanya usingizi wao uonekane mkamilifu kwenye vifaa, kiasi kwamba hamu hiyo ikawa sehemu ya maradhi, nao walikiamini kifaa kuliko maelezo ya maabara. Niliposoma habari hiyo nilicheka kidogo, kisha nikaizima alama katika mipangilio. Nilikuwa nimeshawaandikia huduma kwa wateja kuhusu usiku wa 11. Walinijibu kwa adabu kwamba nikaze mkanda.

Programu pia ina ukurasa wa mafunzo, ambao unaeleza sababu ya binadamu kulala kwa sentensi moja: kwamba usingizi mzito huosha taka za ubongo. Ni kweli kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na kundi la Rochester, Marekani, uliona katika panya kwamba umajimaji hupita zaidi kati ya seli za ubongo wakati wa usingizi. Lakini mwaka 2024 watafiti wa London, wakitumia panya vilevile na njia nyingine, walipata matokeo yanayopingana na hayo, na mjadala haujafungwa. Giulio Tononi na Chiara Cirelli nao wanashikilia hoja nyingine, kwamba usingizi hupunguza nguvu ya viungio vya neva vilivyoimarishwa mchana ili ubongo uweze kujifunza tena kesho. Panya wa maabara ya Allan Rechtschaffen walionyimwa usingizi kabisa walikufa ndani ya wiki chache, na hata hapo chanzo hasa cha vifo hakikuwa bayana. Swali lililowashughulisha watu hawa maisha yao yote halistahili kufungwa kwa sentensi moja iliyopambwa kwa picha ya mwezi.

Sasa sifa zake, ambazo ni za kweli. Katika ukurasa wa tatu wa programu, baada ya mapambo yote, kuna mchoro mkavu wa mistari unaoonyesha saa ya kulala na saa ya kuamka kwa kila siku ya mwezi. Huo peke yake umenifaa kuliko vingine vyote. Mwaka 1982 Alexander Borbély alieleza usingizi kama kazi ya nguvu mbili: haja ya kulala inayokua kadiri mtu anavyokaa macho, na saa ya mwili inayoendeshwa na kituo kidogo cha ubongo kinachofuata mwanga wa mchana. Haja hiyo huhusishwa na adenosini, kemikali inayorundikana ubongoni, na kahawa hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vyake, bila kuipunguza adenosini yenyewe. Nikiwa na maelezo hayo kichwani niliutazama ule mchoro na kuona kwamba kila Jumapili asubuhi nilikuwa nikiongeza saa mbili na nusu za kulala, kisha Jumapili usiku nikipanda kitandani saa ileile ya kawaida nikiwa sijajikusanyia haja ya kutosha. Kukesha kwa Jumapili kulikuwa kazi ya mikono yangu. Nilianza kuamka saa moja siku zote, na katika wiki ya nane tatizo lile lilikuwa limepungua sana.

Kengele inayodai kumwamsha mtu akiwa katika usingizi mwepesi haikunionyesha tofauti yoyote na kengele ya kawaida, isipokuwa iliniamsha mapema zaidi. Betri inadumu siku tano. Vitaa vya kijani huvuja mwanga gizani endapo mkanda umelegea, jambo ambalo kwa kifaa cha usiku ni la ajabu kidogo.

Anayetaka kujua ratiba yake ya kulala isivyotulia atapata hapa alichokitafuta, mradi azime alama siku ya kwanza. Anayekesha kimya na kuhangaika asiinunue, kwa maana itamwambia kwamba amelala. Na anayekoroma kwa nguvu, au anayeambiwa na mwenzake kwamba pumzi zake hukatika usiku, aende kupimwa na daktari. Hata kijitabu cha maelekezo, ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo kuliko yote, kinakiri kwamba hiki si kifaa cha tiba.