Kompyuta imegoma kuwaka: uifungue mwenyewe au uibebe kwa fundi?

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo hapa Nyegezi, Mwanza, kompyuta ya mezani huwa ya kwanza kuugua. Feni inazunguka, skrini nyeusi tii.

Mimi huanza na bisibisi. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi, kisha toa ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu. Meno yake ya dhahabu yasugue taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, irudishe mpaka vishikio vilie ka! Kama ziko mbili, jaribu mojamoja. Chungulia na mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani: kapasita (kikopo kidogo kinachotunza umeme) iliyovimba kichwa kama andazi, hiyo imekwisha. Boksi langu hukutwa limejaa wale wadudu wa ziwani waliofuata taa, feni haipumui. Yote haya hayana gharama ila jasho.

Fundi wa mjini anakushinda kwa vipuri vya kujaribia. Anachomeka pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) iliyo nzima, anapima kwa mita kama waya wa njano unatoa volti 12 na mwekundu 5, jibu papo hapo. Ubaya ni daladala na boksi mapajani, na wengine hutangaza "mazabodi imekufa" kabla hata ya kufungua. Simama uone anachopima.

Ila pawasaplai ikinuka kuungua, usiifungue: kapasita zake hubaki na umeme hata ikishachomolewa. Hiyo peleka.