Rimu na matairi ya tela la kambi: sita si sita mpaka upime tundu la katikati

Desemba iliyopita tulikuwa tumeshapita Lukaya, tunaelekea Ziwa Mburo, watoto wawili nyuma, mama mkwe mbele, na tela letu jipya la kambi likitufuata kwa safari yake ya kwanza. Mwenye bodaboda akatupita akipunga mkono, akionyesha nyuma. Niliposhuka nikakuta gurudumu la kushoto la tela limeinama kama mguu ulioteguka. Nati mbili zilikuwa zimeshadondoka njiani. Nne zilizobaki nilizifungua kwa vidole. Rimu hizo zilikuwa na wiki moja tu tangu nizinunue.

Ekseli ya tela ilijengwa kwa habu (kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake) za mbele za Hiace, zile za umbo jipya ambazo Kampala tunaziita drone. Bolti sita. Rimu niliuziwa za aluminiamu zilizotoka kwenye Ford Ranger, nazo bolti sita, zinang'aa. Nilipomuuliza muuzaji kama zitakaa sawasawa, alihesabu matundu kwa kidole akanijibu, "Nnyabo (mama), sita ni sita." Kuhusu bolti hakusema uongo. Drone, Prado, Patrol, Ranger, zote zina bolti sita kwenye duara la milimita 139.7. Aliloliacha ni lile tundu kubwa la katikati, ambalo rimu hulitumia kukaa juu ya shingo ya habu.

Kwenye rimu za drone na Prado za kabla ya 2024, tundu hilo lina milimita 106. Patrol za zamani ni 110. Ranger za siku hizi ni 93, na Pajero za kuanzia miaka ya 2000 ni 67 tu. Kwa hiyo rimu zangu zilikataa kuingia. Kijana wa dukani akachukua grainda, akalipanua tundu kwa mkono mpaka likapita, mimi nimesimama palepale nikidhani ndiyo ufundi wenyewe. Fundi wa Masaka alipolitoa gurudumu, alinionyesha mambo mawili. Tundu halikuwa duara tena, limekuwa yai. Na upande wa ndani grainda iliacha ukingo wa kucha za aluminiamu, kwa hiyo rimu haikulala bapa kwenye habu. Nati zilikazwa juu ya zile kucha. Kucha zilipobonyea kwa mtikisiko wa barabara, nati zikabaki hazina cha kushikilia.

Tangu siku ile nimeshasoma miongozo mingi ya matairi, na yote inaanza na upana, meno na bei. Hayo mnayajua. Mimi nawaomba mwende dukani na kipimo cha vernia, au hata rula ya mtoto wa shule. Pima shingo ya habu yako, kisha pima tundu la rimu. Tundu likiwa dogo, rudisha rimu, usikubali grainda. Likiwa kubwa kidogo, kama la Patrol juu ya habu ya Toyota, linaweza kukerezewa pete ya kujaza pengo, lakini likerezwe kwenye mashine na mtu anayepima. Pete ya kukata kwa macho ni kazi bure.

Ukiwa umeinama hapo, angalia pia herufi ET na namba iliyochongwa mgongoni mwa rimu. Inaonyesha uso unaokaa kwenye habu uko milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu. Namba ikipanda, gurudumu linaingia zaidi ndani, kuelekea springi. Rimu ya drone huwa ET35 hivi. Zangu za Ranger zilikuwa ET55. Milimita 20 ndani kila upande! Ubavu wa tairi la kulia ulikuwa umeanza kusagwa na springi, nasi tulikuwa hatujamaliza hata kilomita 110.

Kisha nati. Rimu ya chuma hukazwa kwa nati yenye ncha ya koni. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota zenyewe hutaka nati yenye shingo na washa bapa. Ukibadilisha rimu bila kubadilisha nati, koni itashika ukingo wa tundu tu, na gurudumu litakuwa linakupa salamu kila kilomita.

Sasa nikipanga, kwangu ya kwanza ni rimu ya chuma ya inchi 15 ya drone, na tairi la 195R15C. Wala sioni la kuipita. Tundu lake ni 106, nati zake ni za koni, na ikipinda kwenye shimo fundi huinyoosha kwa nyundo, wakati aluminiamu hupasuka. Herufi C ni ya matairi ya magari ya mizigo mepesi. Tairi la namna hiyo huandikwa ubavuni namba ya mzigo 106/104, na 106 hapo maana yake kilo 950 kwa tairi moja. Tela langu likiwa na hema, maji, jiko na mitungi halifiki kilo 900 zote, kwa hiyo hata tairi moja peke yake lingetosha kulibeba. Jambo kubwa zaidi kwa Uganda: drone ziko kila mahali. Ukipasukiwa Karuma au Soroti, anayeuza tairi hilo hayuko mbali, kwa sababu teksi za pale, yaani daladala, zinalivaa. Wamarekani wana matairi maalumu ya tela yenye herufi ST, mazuri, lakini likipasuka njia ya Kidepo utakaa nalo.

Na tairi lenyewe nunua Bridgestone. Nasema wazi kwamba napendelea. Mume wangu ameendesha gari la mizigo miaka 14 na hakuna aina nyingine aliyoiweka kwenye ekseli ya nyuma mara mbili. Baba yangu yeye alikuwa mtu wa matairi ya Yana, na kama kile kiwanda cha Nairobi kisingefungwa mwaka 2016 huenda na mimi ningekuwa huko.

Ya pili, vaa tela magurudumu yaleyale ya gari linalolivuta. Ukiwa na Prado ya 265/65R17, ukajenga tela kwa habu za Toyota za bolti sita, spea moja inahudumia magurudumu yote sita. Ni raha kubwa Karamoja. Ila ni ghali, tela linapanda juu, na madigadi lazima yaachwe nafasi tangu mwanzo. Mwambie fundi wa Katwe kabla hajaanza kuchomelea, si baada.

Ya tatu ni ya wenye RAV4 na tela jepesi: 185R14C kwenye habu ya bolti tano. Tairi hilo lenye namba ya mzigo 102 hubeba kilo 850. Hapa ndipo tundu linapowasumbua watu zaidi, maana bolti tano kwenye duara la milimita 114.3 ziko kwenye Toyota na Nissan, lakini tundu la Toyota ni 60.1 na la Nissan 66.1. Kwa jicho huwezi kuziona tofauti.

Matairi ya mtumba ya gari dogo nayaacha. Kama huna njia nyingine, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ule msimbo ulio ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hilo limeshazeeka.

Na kuhusu wauzaji nina donge. Niliporudi na rimu zangu, nilijibiwa kwamba bidhaa iliyoguswa na grainda hairudishwi. Grainda ni yao! Shilingi 600,000 zikaenda hivyo. Wiki iliyofuata nilimtuma shemeji yangu kuulizia jozi ya aina ileile, peke yake, bila tela na bila watoto, akatajiwa 420,000. Mama anayefika na familia na safari ya kesho anaonekana ana haraka, na haraka yake inatozwa. Wengine hupaka matairi ya zamani rangi nyeusi mpaka yanang'aa kama viatu vya shule, tarehe ikafichwa chini ya rangi. Njoo na kitambaa chenye petroli, futa mbele yao, na usione haya.

Siku ya kufunga, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe, kaza nati kwa mtindo wa msalaba, moja kisha ile inayoikabili, kisha kaza tena ukishaenda kilomita 50 hadi 100 za kwanza. Ukitoka Kampala kwenda magharibi, simama Kayabwe, pale kwenye Ikweta. Watoto wakipiga picha, wewe toa spana.