Sakafu ya Bafu: Cha Kununua Kwanza na Cha Kuacha Dukani

Mama yangu mzazi aliteleza bafuni alfajiri, akitawadha kwa ajili ya swala. Vigae vilikuwa vyeupe, vinang'aa kama kioo, na mimi ndiye niliyevinunua. Tangu siku hiyo, kila ndugu au jirani anayeniomba ushauri kuhusu bafu namsihi aanze na sakafu kabla ya sinki, kioo au bomba la mvua, kwa sababu sakafu ndiyo inayokutanisha miguu mitupu, maji na sabuni kwa wakati mmoja, na ukishakosea kuichagua ni vigumu kuirekebisha bila kubomoa.

Kabla ya kwenda dukani, chora bafu lako kwenye karatasi na utenganishe sehemu inayolowa kila siku na ile inayoweza kubaki kavu. Sinki na choo vikae karibu na mlango, na bomba la mvua liwe mwisho wa chumba, ili anayeingia kunawa mikono tu asilazimike kukanyaga maji. Mlango ufunguke kwa nje, kwani mtu akianguka ndani na mwili wake ukaulalia mlango unaofungukia ndani, wanaokuja kumsaidia hawataweza kuingia.

Nafasi ya kwanza naipa vigae vya poseleni visivyong'aa, vya sentimita 30 kwa 30. Poseleni halisi hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo haivimbi wala haioti ukungu ndani. Tazama maandishi yaliyo kwenye boksi: alama ya R, inayoonesha jinsi kigae kinavyozuia kuteleza, huanzia R9, ambayo ni dhaifu, hadi R13. Kwa sehemu kavu chukua R10, na kwa sehemu ya kuogea R11. Hata hivyo, alama hiyo ilibuniwa kwa mtu aliyevaa viatu, akitembea juu ya ubao ulioinamishwa na kumwagiwa mafuta. Kipimo kinachofanana zaidi na bafu ni kile cha miguu mitupu kwenye maji ya sabuni, ambacho huandikwa kwa herufi A, B au C. Ukiikuta B au C kwenye boksi, hiyo ndiyo ya kuiamini. Boksi lisipokuwa na alama yoyote, mwombe muuzaji maji, umwagie kigae, kisha ukisugue kwa kidole gumba kilicholowa. Kidole kikiteleza bila kukwama hata kidogo, unyayo wenye sabuni hautakuwa salama.

Nafasi ya pili ni vigae vidogo vya mozaiki, vile vya sentimita 5 vinavyouzwa vikiwa vimegundishwa kwenye wavu. Kwa usalama peke yake ningeviweka mbele, kwa kuwa mistari mingi ya grauti, yaani saruji laini inayojaza nafasi kati ya vigae, huupa unyayo mahali pa kukamata, tena vidogo hivyo hufuata mteremko wa sakafu kuelekea tundu la maji bila kukatwakatwa. Vimeshuka daraja kwa sababu ya bei, na kwa sababu grauti nyingi hudai usafi mwingi. Anayesafisha kwa asidi kali ataila grauti yenyewe na kufungulia maji njia ya kwenda chini. Ushauri wangu kwa mwenye fedha za wastani ni kununua mozaiki kwa ajili ya eneo la kuogea tu, na poseleni kwa sehemu iliyobaki.

Ya tatu ni sakafu ya saruji iliyopigwa brashi kabla haijakauka. Haina fahari, lakini mguu unatulia juu yake, na mwenye fedha kidogo asione aibu kuichagua. Afadhali hiyo kuliko kigae rahisi kinachong'aa. Asikubali tu fundi ailainishe kwa niru, yaani uji wa saruji, maana niru iliyolowa huteleza. Terazo, yaani saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe kisha kusuguliwa, nimeiweka ya nne: hudumu miaka mingi, ila ikisuguliwa hadi kung'aa inakuwa hatari palepale inapolowa.

Nafasi ya mwisho ni vigae vya kung'aa vya aina yoyote, hasa vile vikubwa vya sentimita 60 kwa 60. Vinapendeza sebuleni na ukutani. Bafuni, licha ya utelezi, ukubwa wake huvizuia kuinama kuelekea tundu la maji, na fundi asiye makini huvilaza bapa, maji yakabaki yametuama kwenye pembe. Sakafu ya kuogea inahitaji kushuka kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita moja. Mwambie fundi kipimo hicho mapema, naye akuoneshe kwa pimamaji kabla ya kubandika kigae cha kwanza. Ikiwa kuna mzee nyumbani, mteremko huo utoshe kuyaongoza maji bila kujenga kizingiti cha kuruka.

Unaponunua, ongeza asilimia 10 juu ya eneo ulilopima, kwa ajili ya vitakavyokatwa na kuvunjika, na uhakikishe namba ya toleo na ya rangi ni moja kwenye maboksi yote, kwa sababu kigae cha jina lilelile kinaweza kutofautiana rangi kati ya toleo moja na jingine. Usilipie vigae ukasahau dawa ya kuzuia maji inayopakwa chini yake. Ikishakauka, ziba tundu, jaza maji sakafuni na uyaache saa 24. Kukiwa na ghorofa chini, kagua dari yake kabla ya kumruhusu fundi aendelee. Vigae vitakavyobaki vihifadhi stoo.