Gesi, kidonge au sindano ya mshipa? Tathmini yangu kwa waoga wa kiti cha meno

Kama we ukisikia tu mlio wa ile mashine ya kuchonga jino jasho linakutoka, soma hapa kabla hujaamua kukaa na jino bovu, kuna njia tatu za kukutuliza.

Gesi ya naitrasi oksaidi naipa nyota 5. Unavalishwa kimaski puani, unavuta gesi iliyochanganywa na oksijeni, dakika chache tu mwili unakuwa mwepesi hofu inashuka yenyewe, na uko macho kabisa, dokta akisema fungua mdomo unafungua. Mwishoni unavutishwa oksijeni tupu kama dakika 5 hivi akili inarudi, unaondoka zako. Wala sio kitu kipya, Horace Wells, daktari wa meno wa Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe kwa gesi hii 1844! Ila ukiwa na mafua pua imeziba usitegemee kitu, na mjamzito aseme mapema.

Kidonge nyota 3. Ni dawa ya kutuliza, diazepamu au midazolamu, unameza kama saa moja kabla. Shida ni kwamba ukishameza umemeza, dozi hairekebishiki tena, huyu analala fofofo mwingine yuko macho makavu. Na lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, gari usiguse mpaka kesho yake.

Sindano ya mshipa nyota 4, hasa kwa magego ya mwisho yale yaliyolala ndani ya ufizi. Midazolamu inaingizwa kidogo kidogo mpaka utulie, na mengi hutayakumbuka kabisa, mi hapo ndo iliponikosha. Nyota moja nimeitoa kwa sababu dozi ikizidi pumzi inapungua, kwa hiyo dai kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, oksijeni yenyewe iwe karibu, na dawa ya kuizima midazolamu, flumazenili, iwepo palepale. Hapa pia unahitaji wa kukusindikiza.

Nusu kaputi waachie hospitali yenye mtaalamu wa usingizi.

Na jamani, hizi tatu kazi yake kubwa ni kuondoa hofu, maumivu yanaondolewa na ganzi, so sindano ya ufizi iko palepale, tofauti ni kwamba hutaihangaikia tena.

Ukipiga simu kuomba nafasi uliza swali moja tu, dokta akiwa bize na jino nani anaangalia pumzi yangu? Wakibabaika, tafuta kwingine.