Ati Ming! Elfu tatu zangu zimekwenda na muhuri

Nina chombo cha maua alichokiacha babu. Alikuwa baharia, kila akirudi Mombasa hakosi kitu mkononi, na hiki kimekaa juu ya kabati la nyanya tangu sijazaliwa. Kijivujivu, nyufa nyembamba kama utando wa buibui, wapiganaji wa Kichina juu ya farasi, mikanda ya kahawia. Kitakoni kina muhuri wa mraba, wa kahawia pia, herufi nne.

Mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, niliwatumia picha hawa wanaojiita wataalamu wa vitu vya kale, na elfu tatu juu. Siku kadhaa kimya. Kisha kikaja cheti kilichopambwa utadhani cha ndoa: "Chenghua, 1465–1487, enzi ya Ming. Nyufa ni dalili ya umri." Yaani muhuri unamtaja Chenghua, mfalme wa China wa ukoo wa Ming. Basi, hakuna jingine.

Nyumbani vigelegele. Mjomba keshaanza kuuliza bei za viwanja.

Mimi sasa nina mdudu wa kupekua. Usiku huohuo nikaingia kwenye kurasa za minada, nikakuta ndugu za chombo changu tele: wapiganaji walewale, muhuri uleule, wote wameandikwa mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa karne ya 20. Kumbe jina la Chenghua wafinyanzi wa China wameliazima mara nyingi. Hata zama za mfalme wa baadaye, Kangxi (1662–1722), walikuwa wakiliandika. Na zile nyufa hutiwa makusudi! Ule mpako wa kioo ukisinyaa kuliko udongo wakati chombo kinapoa, unapasuka. Kinaweza kutoka tanuuni leo na "umri" wake tayari.

Nikaandika kwa adabu: samahani kaka, mbona hamkuniomba picha ya ukingo wa kitako, pale udongo wenyewe unapoonekana? Akajibu: "Kama unajua, umetulipa ya nini?"

Umetulipa ya nini! Mimi, mtu mzima, mteja, nimeuliza swali moja. Siku mbili nilikuwa nikilirudia hilo neno jikoni, nyanya akadhani nagombana na sufuria.

Nilipopoa nikasema tuwe waadilifu. Herufi walizisoma sawasawa, na mimi Kichina sijui hata kusalimia. Bila wao nisingejua pa kuanzia kutafuta. Labda kijana alikuwa na siku mbaya. Nikaandika nyota tatu.

Kabla sijabonyeza, ujumbe unaingia kutoka kwa huyohuyo: "Dada, hicho chombo kama unauza, nina elfu kumi na tano taslimu."

Ming! Ya miaka mia tano na zaidi! Elfu kumi na tano!

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu ukurasa haukubali sifuri. Chombo kimerudi kabatini kwa nyanya. Mjomba bado hatujamwambia.