Kikokotoo cha mouse-sensitivity.com: namba moja haitoshi

Nacheza gemu tatu za kufyatua risasi: Counter-Strike 2 (CS2) na marafiki wa siku nyingi, Valorant na wadogo zangu, na Overwatch nikiwa peke yangu. Kila gemu ina kipimo chake cha sensitiviti, yaani namba inayoamua unageuka kiasi gani ukisogeza kipanya. Ukiichukua 1.0 ya Counter-Strike ukaiandika vilevile kwenye Valorant, unageuka zaidi ya mara tatu ya ulivyozoea kwa mkono uleule. Anayehangaika na hilo namwelekeza kwenye kikokotoo cha tovuti ya mouse-sensitivity.com bila kusita.

Unachagua gemu unayotoka, unaandika DPI ya kipanya (hatua kinazohesabu kwa kila inchi kinayosogea) na sensitiviti yako, halafu unachagua gemu unayokwenda. Kinakupa namba mpya pamoja na sentimita ambazo kipanya kitasafiri mezani mpaka ugeuke nyuzi 360. Mimi natumia DPI 800 na sensitiviti 1.0 kwenye CS2: karibu sentimita 52. Valorant inakuwa 0.314, Overwatch 3.33.

Hesabu hiyo si siri. Kwa kila hatua moja ya kipanya, sensitiviti ikiwa 1, CS2 inakugeuza nyuzi 0.022, Valorant 0.07 na Overwatch 0.0066. Gawanya 0.07 kwa 0.022 unapata 3.18, namba ambayo wachezaji wengi wameikariri. Gemu ya Apex Legends imetokana na injini ya Source, programu ya msingi iliyotumika pia kwenye Counter-Strike za awali, nayo inatumia 0.022 ileile, unahamisha namba yako ilivyo. Kwa hayo tu, kalkuleta ya simu inatosha.

Uzuri wa kikokotoo unaonekana ikiingia FOV, yaani upana wa pembe unayoonyeshwa kwenye skrini. Kwenye skrini ya 16:9, CS2 inakuonyesha nyuzi 106 hivi kwa mlalo, Valorant na Overwatch 103. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo sentimita 52 zinahisi sawa kote. Lakini weka jicho kwenye darubini ya AWP, bunduki ya kudungua ya CS2. Pembe imebanwa, picha imekuzwa, na adui anakatiza skrini kwa kasi nyingine kabisa. Hapo sentimita za mzunguko mzima hazikusaidii. Kinachofaa kulinganishwa ni mwendo wa picha pale katikati, karibu na alama ya kulengea, na mwendo huo unafuata tanjenti ya nusu ya pembe, siyo pembe yenyewe. Kikokotoo kinaiita njia hiyo Monitor Distance 0%.

Majibu yake ndiyo yaliyonishawishi. Kwa AWP, kizidisho cha darubini, yaani namba inayozidisha sensitiviti ukiwa ndani yake, kinashuka kutoka 1.0 ya kiwandani hadi 0.819. Kwa Widowmaker na Ana, wahusika wa Overwatch wenye bunduki za darubini, kinapanda kutoka asilimia 30 hadi 37.89. Tazama vizuri: kimoja kinashuka, kingine kinapanda! Anayecheza gemu zote mbili kwa mipangilio ya kiwandani ana darubini moja iliyo nyepesi mno na nyingine nzito mno, kisha anadhani mkono wake ndio mbovu. Nilipoweka namba hizo, sikuhitaji tena kupasha mkono upya kila nikihama gemu.

Njia za kulinganisha ni nyingi, na mgeni anaweza kupotea. Call of Duty na Battlefield zina kipimo chao cha ndani cha kulinganisha darubini, 1.33 kwa moja na 133 kwa nyingine, na ukurasa unakuwekea yote mbele yako. Ushauri wangu: bila darubini, linganisha mzunguko wa nyuzi 360, ndani ya darubini, tumia 0%. Halafu acha kugusagusa. Ukiifungua FOV hadi 120, katikati pataonekana pazito hata kama sentimita ni zilezile, kwa sababu vitu vimekuwa vidogo. Mimi nalivumilia hilo, maana kugeuka nyuma kwa kipimo ninachokijua ni muhimu zaidi kwangu.

Sehemu ya bure ina mipaka: baadhi ya gemu na vipengele ni vya wanaolipia. Lugha ni Kiingereza kitupu. Tena hakuna hesabu itakayokuokoa kama gemu inafuata kasi ya Windows na "Enhance pointer precision", mpangilio wa Windows unaobadilisha mwendo wa mshale kufuatana na kasi ya mkono, imewashwa; izime kwanza. DPI iliyoandikwa kwenye boksi nayo hutofautiana kidogo na ile inayopatikana mezani, kwa hiyo jibu likishatoka, lipime kwa rula.

Rula hiyo naibeba hata nikienda kwenye ukumbi wa gemu, ambako huwezi kujua kipanya utakachokuta kimewekwa DPI gani. Meza za kule ni finyu, hivyo napima nusu mzunguko: nasimama nikiangalia kona ya ukuta, navuta kipanya sentimita 26, na nikiwa sijaipa ile kona mgongo sawasawa, narekebisha sensitiviti mpaka ikae.