Canva na kipeperushi cha programu ya usomaji: uzoefu wangu hapa Mtwara

Nafundisha Kiswahili sekondari ya kutwa hapa Mtwara mjini. Mwanafunzi wangu wa zamani ametengeneza programu ndogo ya simu ya kufuatilia usomaji: unaandika jina la kitabu, kila jioni unaingiza idadi ya kurasa ulizosoma, na kalenda inajaza kisanduku cha siku hiyo. Aliniomba nimsaidie kuitangaza kwa wazazi. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hiyo habari za programu kama hii zinafika nyumbani kwa karatasi iliyochomekwa kwenye daftari. Kipeperushi nilikitengeneza kwa Canva, programu ya mtandaoni ya kusanifu machapisho, toleo la bure.

Kwa mtu asiye na taaluma ya usanifu, naipa nyota nne kati ya tano. Templeti za brosha zipo tele, na kuhamisha picha au kubadili fonti hakuhitaji kufundishwa. Ila nyingi zimepangwa kwa ajili ya makampuni: aya ndefu, watu wa ofisini wanatabasamu. Mzazi wa Chikongola anayetoka sokoni na kapu lake atasimama kuangalia nini hapo? Nilifuta karibu kila kitu kwenye uso wa mbele, nikaacha swali moja kwa herufi kubwa: "Umesoma kurasa ngapi leo?" Chini yake niliweka picha ya skrini ya programu yenyewe ikionyesha wiki moja, visanduku vitano vimejaa, viwili vitupu. Hivyo viwili ndivyo vinavyovuta jicho. Mtu akiona pengo, mkono unamwasha kulijaza.

Rangi niliichukua kwenye bibo lililoiva, ule wekundu unaoingia kwenye njano, kwa sababu hakuna mtu wa huku kwenye mikorosho asiyeufahamu. Ipo na sababu ya kiufundi. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, printa hutumia wino wa rangi nne, kwa hiyo kijani kikali na bluu inayong'aa hufifia zikifika kwenye karatasi. Nyekundu na njano huvumilia zaidi. Kupakua faili lenye mpangilio wa rangi za uchapaji ni huduma ya toleo la kulipia, basi ukitumia la bure, chagua rangi ambazo hazitakuangusha.

Kwenye vipimo ndiko inakobidi utulie. Karatasi ya A4 ikilazwa ina upana wa milimita 297. Kipeperushi hukunjwa mara mbili kupata kurasa tatu, na wengi huigawa karatasi sehemu tatu sawa za 99, halafu wanashangaa upande unaoingia ndani unajikunja kwenye ncha. Upande huo lazima uwe mwembamba kidogo. Mimi nilipanga 97, 100 na 100 kwa uso wa nje, kuanzia kushoto, na kwa uso wa ndani nikageuza: 100, 100, 97. Canva ukiifungua kwenye kompyuta inakupa rula na mistari ya kuongoza, na kazi hiyo nisingependa kuifanya kwenye kioo kidogo cha simu. Pakua PDF ya kuchapisha, si picha ya kutumia mtandaoni.

Steshenari ya kwanza niliyopeleka faili iliprinti kwa kulibana ili litoshee karatasi. Mikunjo yote ikahama. Ya pili niliwaomba asilimia 100, pande mbili, karatasi igeuzwe kwa ubavu mfupi, na ikatoka sawasawa. Kwa kuwa printa nyingi za steshenari hazifiki ukingoni, niliacha ukingo mweupe kuzunguka kote. Unapendeza, na hauhitaji mtu wa kukata.

Msimbo wa QR, kile kisanduku cha kuskani kwa simu ili kuifikia programu, unatengenezewa humohumo ndani ya Canva. Uache mweusi juu ya nyeupe, usiutie urembo, na chini yake andika jina la programu kwa herufi za kawaida, maana si kila mzazi ana bando wakati anapokishika.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni uso wa ndani kulia. Pale nilichora jedwali la siku saba: kitabu, kuanzia ukurasa gani, hadi gani. Nyumba isiyo na simu janja nayo inaanza kufuatilia usomaji palepale, kwa kalamu. Jedwali hilo ndilo lililoniamulia karatasi. Ile ya kung'aa inapendeza mkononi lakini wino wa kalamu hauikamati, unachafua vidole. Nilichukua isiyong'aa, gramu 120 kwa mita ya mraba, inakunjika vizuri na inaandikika.

Siku ya kikao cha wazazi, binti mmoja wa kidato cha pili alikuja mezani na kipeperushi tayari kimejazwa safu ya Jumatatu. "Shikamoo mwalimu. Nikimaliza siku saba, naongeza wapi?" Nilimpa kingine. Mama yake akainama, akaskani msimbo.

Walimu wenzangu wananiuliza kama walipie Pro, lile toleo la kulipia. Kwa kipeperushi kimoja, hapana. Hela hiyo ongezea kwenye karatasi, na kabla hujalipia nakala zote, toa moja, ikunje, jaribu kuandika kwenye jedwali kwa kalamu ya kawaida ya mwanafunzi.